PCB, CBG au HGL? Jibu kwa mzazi wa Kilosa

Mzazi mmoja wa Kilosa ameniandikia kuhusu binti yake aliyefanya mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba. Matokeo yametoka nayo ni haya: Baiolojia B, Kemia B, Jiografia B, Kiswahili B, Fizikia C, Kiingereza C, Historia C, Uraia C na Hisabati D. Ukichukua masomo saba bora unapata pointi 17 (B ni 2, C ni 3, na hapa pointi chache ndizo bora), yaani daraja la kwanza, pale pale kwenye ukingo wake. Binti husema anataka udaktari, lakini akiulizwa mara ya pili hutaja pia sheria na "kazi za mazingira". Kwenye fomu ya machaguo alijaza tahasusi ya PCB, yaani kundi la masomo ya kidato cha tano na sita la Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mwalimu wa taaluma anamshauri ahamie CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) kwa sababu Fizikia ya kidato cha tano "inaua watoto", na mjomba wake, ambaye ndiye anayesaidia kumsomesha, anataka HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) ili mtoto aende sheria. Baba anauliza: "Ni tahasusi ipi isiyomfungia milango, maana mwenyewe bado hajajua kwa hakika anataka nini?"

Mzazi mwenzangu, nitakujibu nikiwa mtu aliyefundisha Kemia kidato cha tano na sita kwa miaka 19, kisha akakaa upande wa pili wa meza, kwenye kamati ya udahili ya chuo kimoja, akisoma majina ya watoto wale wale. Jibu fupi ni kwamba abaki PCB, kwa sharti moja ambalo nitalieleza, na kwamba CBG iwe chaguo la pili na siyo la kwanza. Sababu zake ndizo ndefu.

Tuanze na mlango ambao tayari umefungwa, ili tusipoteze muda kuuzunguka. Ile D ya Hisabati inamwondoa kwenye tahasusi zote zenye Hisabati ya Juu, kama PCM, PGM na EGM, kwa kuwa masomo ya tahasusi hutakiwa kuwa na alama ya C au zaidi. Pamoja nazo umeondoka uhandisi wa shahada kupitia kidato cha sita, ambao hudai ufaulu wa Fizikia na Hisabati ya Juu, na sehemu kubwa ya sayansi ya kompyuta. Hukuuliza habari za uhandisi, wala binti hakuutaja, kwa hiyo sioni haja ya kuulilia. Lakini nakuomba uitazame D hiyo kwa heshima kidogo, kwa sababu D ni ufaulu, na tofauti kati ya D na F katika Hisabati ya kidato cha nne ni kubwa kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Nitairudia baadaye, maana ndiyo itakayomwokoa mambo yakiharibika.

Sasa kuhusu milango yenyewe. Watu huzungumza kana kwamba kila tahasusi ina milango yake na zote ziko sawa, ni suala la kuchagua upande tu. Sivyo ilivyo. Kuna fani ambazo, kwa anayepitia kidato cha sita, hufunguliwa na masomo mahususi tu, na kuna fani ambazo mtu anaweza kuingia akitokea karibu kila upande. Udaktari wa binadamu, udaktari wa meno na ufamasia ni za kundi la kwanza: vyuo vyetu, MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, kikiwa mfano ulio wazi zaidi, hudai Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu kwa ufaulu mkuu (kile kiitwacho "principal pass"), na hakuna Jiografia, hata ikiwa A, inayoweza kusimama mahali pa Fizikia. Sheria ni ya kundi la pili. Vyuo kadhaa hupokea wanafunzi wa sheria waliosoma sayansi ilimradi wana masomo mawili ya ufaulu mkuu, na mara nyingi huangalia pia alama ya Kiingereza ya kidato cha nne. Hivyo ndivyo ilivyo pia katika utawala, rasilimali watu, na programu nyingi za biashara, ambazo hushurutisha tu kwamba mwombaji awe na kiwango fulani cha Hisabati, ya kidato cha nne au ya kidato cha sita. Aliyesoma PCB anaweza kubadili mawazo akiwa na miaka 19 akaenda sheria. Aliyesoma HGL akibadili mawazo akiwa na miaka 19 akatamani ufamasia, hana pa kupitia isipokuwa kuanza upya.

Kwa hiyo mjomba mweleze hivi, kwa adabu zote: njia ya sheria haipotei binti akisoma PCB, bali njia ya hospitali ndiyo itakayopotea akisoma HGL. Kama binti angekuwa amesema sheria na sheria tupu, huku Historia yake ikiwa A na Kiingereza A, ningemwambia mjomba ana haki. Lakini Historia ni C na Kiingereza ni C, na alama zake nzuri ziko kwenye Baiolojia na Kemia. HGL kwa mtoto huyu ingekuwa kumhamisha kutoka kwenye masomo anayoyaweza kwenda kwenye masomo anayoyamudu kwa shida, ili afuate kazi ambayo angeweza kuifikia bila kuhama.

Hapa ndipo washauri wengi huishia, wakamwambia kila mzazi "sayansi inafungua kila kitu", na mimi siwezi kuishia hapo kwa sababu nimewaona waliofungiwa na sayansi hiyo hiyo. Mlango unaofunguka kwenye karatasi haumfai mtu aliyetoka kidato cha sita bila pointi. Kanuni ya Tume ya Vyuo Vikuu ni kwamba mwombaji wa shahada anayetoka kidato cha sita awe na masomo mawili ya ufaulu mkuu yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, A ikihesabiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Alama ya S, iliyo chini ya E, haihesabiki kuwa ufaulu mkuu. Nilimfundisha kijana aliyeingia PCB na alama nzuri kuliko za binti yako, ambaye tangu mwanzo alikuwa akikariri maswali ya Fizikia pamoja na majibu yake. Alimaliza na Baiolojia D, Kemia E na Fizikia S. Hebu zijumlishe mwenyewe: 2 na 1 ni 3. Hakukosa udaktari pekee, alikosa shahada yoyote kwa njia ile, ikiwemo hiyo sheria ambayo kwa maneno ilikuwa wazi kwake. Mwenzake aliyeketi dawati la jirani, ambaye darasani hakuwahi kumshinda, alihamia CBG wiki ya tatu, akapata C tatu, akaenda SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine kule Morogoro, mkoani kwenu.

Sharti langu, basi, linahusu ile C ya Fizikia. C huanzia 45 na kuishia 64, na huo ni uwanja mpana. Mwenye 62 aliyepoteza alama kwenye mtihani wa vitendo kwa sababu shule yao ilikuwa na vifaa viwili kwa watoto 80 ni mtu mwingine kabisa na mwenye 46 aliyeokolewa na maswali ya kuchagua. Cheti hakikuambii ni yupi, na baraza la mitihani halitoi alama kwa asilimia, kwa hiyo itabidi upime mwenyewe, hapo nyumbani, hata kama wewe Fizikia hukusoma.

Mpe karatasi na swali hili: jiwe limerushwa juu wima kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, ukichukua kani ya uvutano kuwa inapunguza kasi hiyo kwa mita 10 kwa sekunde kila sekunde, litachukua muda gani kufika juu kabisa, na litafika kimo gani? Hilo ni la kidato cha nne. Jibu ni sekunde 2 na mita 20. Akilipata, mwambie sasa jiwe lile lile limerushwa kwa kasi ile ile lakini kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka ardhini, nalo litaanguka umbali gani kutoka lilipoanzia. Hilo ni la kidato cha tano, muhula wa kwanza, na sitegemei ategue lote. Lakini kaa kimya umtazame anavyolishika. Mtoto wa PCB atachora mchoro. Atajaribu kuigawa ile kasi sehemu mbili, moja ya kwenda juu na moja ya kwenda mbele. Akikumbuka kwamba sini ya nyuzi 30 ni nusu, ataona kwamba kasi ya kwenda juu ni 10 tu, kwamba jiwe litapanda sekunde 1 na kushuka sekunde 1, na akiendelea atafika kwenye mita 34 na ushei. Akikwama, atauliza swali, au ataondoka arudi baada ya nusu saa na kitabu mkononi. Mtoto asiyefaa kwenda PCB hataharibu hesabu; atasema "hiyo hatujafundishwa" na kuifunika karatasi. Sijali sana kama binti atapata 34. Najali atafanya nini dakika ya kumi, kwa sababu miaka miwili ya Fizikia ya kidato cha tano na sita ni dakika ya kumi hiyo ikijirudia kila siku.

Utaona pia kwamba kilichomkwamisha, kama atakwama, huenda kisiwe Fizikia bali sini na kosini. Mwalimu wa taaluma anaposema Fizikia inaua, kwa uzoefu wangu mara nyingi muuaji ni Hisabati iliyovaa nguo za Fizikia. Wanafunzi wa PCB na CBG wasiosoma Hisabati ya Juu husoma somo la ziada wanaloliita BAM, ambamo kuna trigonometria, utofautishaji, takwimu na mengineyo, na wengi hulidharau kwa kuwa si somo la tahasusi. Kwa binti mwenye D ya Hisabati, BAM ndilo somo la kwanza kulishika, kabla hata ya Kemia ambayo mimi niliifundisha na kuipenda. Miezi hii ya kusubiri, badala ya kumpeleka tuisheni ya Fizikia ya kidato cha tano kama majirani wanavyofanya, mtafutie mtu amrudishie trigonometria na aljebra ya kidato cha tatu na cha nne. Ni kazi ya wiki sita au nane kwa mtoto mwenye nia, na haihitaji mwalimu wa gharama kubwa.

Sasa nirudi kwenye D ile, na kwenye njia ambayo hakuna aliyeitaja kati yenu watatu. Kuingia chuo cha afya cha kati kusomea stashahada ya utabibu, kidato cha nne kinatosha: hutakiwa ufaulu wa masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Binti anavyo vyote. Stashahada hiyo ni ya miaka 3. Akiimaliza kwa wastani wa GPA ya 3.0 au zaidi anaweza kuomba shahada ya udaktari, na hapo chuo kitarudi nyuma kuangalia cheti chake cha kidato cha nne kikitafuta angalau D katika Kemia, Baiolojia, Fizikia, Kiingereza na Hisabati. Soma hilo neno la mwisho tena. Nimeona matabibu wenye uzoefu wa miaka kumi wodini, wenye stashahada safi, wakirudishwa kwa sababu ya F ya Hisabati waliyoipata wakiwa na miaka 17, wakalazimika kujisajili kama watahiniwa wa kujitegemea na kukaa chumba kimoja na watoto wa umri wa wanao. Binti yako hatakuwa mmoja wao.

Tuihesabu miaka, maana mzazi anastahili kuijua kabla ya kuamua. Kwa PCB ni miaka 2 ya kidato cha tano na sita, miaka 5 ya shahada ya udaktari na mwaka 1 wa utarajali: jumla 8. Kwa kwenda moja kwa moja stashahada ya utabibu ni 3, kisha 5, kisha 1: jumla 9, lakini baada ya mitatu ya mwanzo ana taaluma mkononi na anaweza kuajiriwa hata kama hiyo shahada isingefuata. Kwa CBG, akigundua baadaye kwamba moyo wake bado uko hospitalini, itabidi apite stashahada: 2, 3, 5 na 1, jumla 11. Kwa hiyo CBG haiui udaktari moja kwa moja, kama mwalimu wa taaluma anavyoweza kuwa amekueleza akikutuliza, lakini inauweka mbali kwa miaka mitatu zaidi kuliko PCB, na mbali kwa miwili kuliko kama asingeenda kidato cha tano kabisa. Ni jambo la ajabu kidogo, na ndiyo maana nasema anayekwenda CBG aende kwa sababu anaitaka CBG.

Na kuitaka si aibu. Nina ugomvi wa siku nyingi na walimu wanaoiita CBG "PCB ya waliochoka". Binti mwenyewe ametaja mazingira. Kemia, Baiolojia na Jiografia humpeleka mtu kwenye sayansi ya mazingira, kilimo, lishe, misitu, wanyamapori, na ualimu wa masomo hayo, na nchi yenye Selous ya zamani, Ruaha na mabonde kama la kwenu la Kilosa, ambako mafuriko hung'oa reli, haina uhaba wa kazi za mazingira zinazohitaji mtu aliyesoma vizuri. Jiografia yake ni B. Akiwa CBG ana nafasi nzuri ya kutoka na pointi nyingi, na pointi nyingi hununua uhuru wa kuchagua chuo. Kama jaribio la jiwe litaonyesha mtoto anayefunika karatasi, mpeleke CBG bila kusitasita, na usimwambie kwamba ameshindwa kitu.

Kuhusu tahasusi mpya, utasikia mengi, kwa kuwa mwaka 2024 serikali ilitangaza orodha iliyozipandisha hadi 65. Sizipingi. Ila kwa mtoto ambaye bado hajajua anataka nini, tahasusi ngeni ina hasara moja ya kiutendaji: huenda isiwepo katika shule nyingi, na vyuo huandika vigezo vyao somo kwa somo. Kabla ya kuvutiwa na jina, fungua mwongozo wa udahili ambao Tume ya Vyuo Vikuu huutoa kila mwaka kwa wahitimu wa kidato cha sita. Mpe binti mwenyewe kazi hiyo. Atafute humo programu tano anazoweza kuzifikiria, hata zikiwa hazifanani, aandike kwa kila moja masomo inayoyadai na alama zake, kisha akuonyeshe ni somo lipi linajirudia zaidi. Nikikisia kwa aliyoyataja, Kemia na Baiolojia zitatokea karibu kila mahali upande wa sayansi, na Fizikia itatokea pale pale ambapo hakuna mbadala wake. Akiligundua hilo mwenyewe, halitakuwa tena neno la baba dhidi ya neno la mjomba.

Limebaki la shule. PCB katika shule isiyo na mwalimu wa Fizikia ni CBG yenye somo moja la bure. Akishapangiwa, ulizeni mambo mawili tu kabla ya kuripoti: kuna walimu wangapi wa Fizikia wa kidato cha tano na sita, na je, shule ina CBG pia? La pili ni muhimu kuliko linavyosikika, kwa sababu katika wiki za mwanzo wakuu wengi wa shule humruhusu mwanafunzi kuhama tahasusi ndani ya shule ile ile, wakati kuhama shule kwa ajili ya tahasusi ni safari ya barua na vibali inayoweza kumla muhula mzima. Akipata shule yenye zote mbili, anaweza kuanza PCB, akapimwa na majaribio ya wiki sita za mwanzo, na kama Fizikia na BAM zote mbili ziko chini ya 40 ahamie CBG akiwa hajapoteza kitu katika Kemia na Baiolojia.

Kwa sasa asibadili chaguo la kwanza. Dirisha la kubadilisha machaguo likifunguliwa, aingie kwenye mfumo wa TAMISEMI mwenyewe, kwa namba yake ya mtihani, na wewe ukae pembeni. Msimwachie kijana wa steshenari awajazie, kwa kuwa nimeona CBA (Kemia, Baiolojia na Kilimo) ikijazwa mahali pa CBG kwa sababu tu herufi zinafanana, na mtoto akaripoti shule ya kilimo asiyoiomba. Aweke PCB ya kwanza, CBG ya pili, na kwenye nafasi za vyuo vya kati aweke utabibu. Kisha chapisheni nakala, isomeni mstari kwa mstari mkiwa bado pale dukani, na ndipo mlipe.